Anayeita Mara Moja

Hebu mwone anavyokuja. Ni Jumamosi asubuhi, mwezi wa tatu, mwaka ule wa 2008 ambao wengi wetu tuliuingia tukikimbia. Njia ya kupanda Milima ya Ngong imelowa, ukungu umekaa mabegani mwa mlima kama blanketi la mgonjwa, na pale chini wanapokusanyika wapandaji anatokea mwanamume mrefu, mwembamba, koti la mvua kalifunga kiunoni kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Viatu vyake ni vikuukuu, lakini soli ni mpya, zimechongwa kwa tairi la lori. Anatembea pole pole kama mtu anayeingia matanga. Akienda kidogo anageuza shingo, si yote, nusu tu, kutazama nyuma. Nyuma yake yupo mwanamke aliyejitanda leso.

Mwanamume huyo ni Muema. Ni fundi wa viatu. Anaishi Gatwekera, Kibera, na mkewe Mumbua na mtoto wao Ian, na kibanda chake cha kazi kiko Laini Saba, kando ya reli. Siku za juma hushona viatu vya watu. Jumamosi huwapandisha watu mlimani: watu wa ofisi wanaotaka kupunguza tumbo, vikundi vya maombi vinavyopenda kumlilia Mungu mahali pa juu, wapenzi wanaotaka kupiga picha.

Mwanamke anayemfuata ni Kavetsa. Lakini hapo nyuma alipo leo si mahali pake. Ni mahali pa mumewe, Thuo. Sasa vuta kiti, nikurudishe nyuma kidogo, maana usipomjua Thuo hutajua kwa nini Muema anageuza shingo.

Thuo alikuwa mwuzaji wa viatu vya mitumba Kawangware. Alikuwa mfupi, mnene, mcheshi. Angeweza kukuuzia kiatu cha mguu mmoja ukaenda nyumbani ukishukuru. Viatu vizuri juu lakini vilivyokufa chini alivipeleka Kibera kwa Muema avifufue. Siku moja alileta gunia la viatu vizito, vya ngozi nene, vyenye kulabu za chuma za kupitishia kamba.

"Hivi ni vya nini, fundi? Vya kulima?"

"Ni vya kupanda mlima," akasema Muema.

"Mtu mzima anapanda mlima kutafuta nini?"

Muema akanyoosha sindano yake kuelekea kusini-magharibi. Ukisimama juu ya tuta la reli siku isiyo na vumbi, Milima ya Ngong unaiona yote, vilele vyake vimepangana kama ngumi ya mtu aliyelala. Muema alikulia chini ya vilima vya Iveti, huko Machakos; kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda alikuwa akiusoma mlima ule kama wengine wanavyosoma gazeti. Kama kilele kimevaa kofia ya wingu, mvua ipo. Kama kimekaa karibu mno, hata majani unayaona, mvua inakuja vilevile.

"Twende Jumamosi," akasema, "ukaone wanatafuta nini."

Wakaenda, na Thuo hakurudi yule yule. Tangu siku hiyo wakawa wawili. Muema mbele, anasoma hewa na njia. Thuo nyuma kabisa, anachunga. Watu walimwita Mkia, naye alipenda. "Ng'ombe asiye na mkia huliwa na nzi," alikuwa akisema. Kazi ya mkia ni moja tu: asiwepo mtu nyuma yake. Aliyechoka anamngoja. Aliyekaa kufunga kamba anamngoja. Mkia hashuki mlima kama kuna mtu wao bado yuko juu.

Na walikuwa na sheria yao. Hali ya hewa kule Ngong ina tabia mbaya. Unaanza na jua la kuchoma kichwa, na kabla hujamaliza kula ndizi, ukungu umepanda kutoka upande wa bondeni, hujioni miguu. Filimbi hawakutumia, kwa sababu upepo wa kule hupiga filimbi wenyewe. Walitumia majina. Muema akiwa mbele aliita, "Thuooo!" kisha akanyamaza, akaita tena, "Thuooo!" Ndipo Thuo akajibu. Mara mbili, siku zote. Jina lililoitwa mara moja haliitikiwi.

Hiyo Muema aliipata kwa nyanya yake. Mzee yule alimwambia: mtu akikuita usiposikia atakuita tena, maana ana shida na wewe. Kisicho mtu hakirudii. Huita mara moja, kikangoja uende.

Thuo aliposikia mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu kicheko kikakatika katikati. "Unajua," akasema, "hata cucu, nyanya yangu mimi, alikuwa akisema hivyo."

Wapandaji nao waliona ni mzaha, hadi siku ya Jeconia. Jeconia alikuwa mwalimu wa kwaya, mzee wa sauti nzito, aliyekuja na kikundi chake kufunga na kuomba. Ukungu uliwakuta kwenye ule mgongo mwembamba kabla ya kilele cha mwisho, ambapo upande wa kulia ni bonde tupu. Muema akasimamisha watu. Katika utulivu ule Jeconia akaanza kutembea kwenda kulia, pole pole, kama mtu aliyeitwa jikoni. Thuo akamdaka mshipi.

"Unaenda wapi, mwalimu?"

"Nimeitwa na mke wangu."

"Mama si tumemwacha nyumbani?"

"Ndiyo maana nimeshtuka."

"Amekuita mara ngapi?"

Jeconia akafikiri. "Mara moja."

"Basi kaa hapa. Akikuita tena tutaenda sote, na mimi nitabeba kiti chake."

Wakangoja. Hapakuitwa mtu. Upepo ulipofagia ukungu, Jeconia aliona vidole vya viatu vyake vimekaa ukingoni, na chini yake kunguru anaruka. Tangu siku hiyo hakuna aliyecheka tena.

Basi uchaguzi ukaja. Jumamosi ya mwisho kabla ya kura walipanda wakashuka, wakaagana njia panda.

"Najua utapigia nani," Thuo akamtania.

"Na mimi najua wewe utapigia nani."

"Basi kura zetu zitapigana huko ndani ya sanduku, sisi tutakuwa juu. Jumamosi ya mwaka mpya, sawa?"

"Sawa, Mkia."

Jumapili ile matokeo yalipotangazwa, jua lilikuwa halijapoa na tayari moshi umesimama juu ya Kibera. Hayo unayajua, au umesimuliwa, nami sitayarudia yote. Nitakwambia jambo moja tu, ambalo labda hukulisikia: majina yalikufa. Vichochoroni Gatwekera, ambako watu huitana kutoka mlango hadi mlango mchana kutwa, hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina. Jina lilikuwa linasema umetoka wapi, na hizo ndizo habari zilizokuwa zikitafutwa. Watu waliitana wee, au buda, au kwa majina ya watoto. Muema akawa Baba Ian. Jina la mtoto wao lilikuwa la kigeni, halikuwa na kabila, na Mumbua alimshukuru Mungu kwa hilo.

Na ajabu yake, kila Muema alipochungulia penye tundu la mabati, mlima ulikuwa wazi. Asubuhi, adhuhuri, jioni. Hakuna wingu hata la dawa. Hewa nzuri kuliko miaka yote, na hakuna mtu wa kuupanda.

Siku moja asubuhi mapambano yalikuja hadi kwenye safu yao ya vyumba. Moshi wa matairi na ule mwingine wa kutoa machozi vilichanganyika, vikajaa kichochoroni, vyeupe, vizito, hata ukinyoosha mkono mlangoni huuoni. Mumbua alikuwa amemfunika Ian kwa khanga iliyolowa. Muema alikuwa amekaa kwenye gunia la viatu, kaegemea mlango.

Akasikia.

"Muemaaa!"

Nje, karibu, usawa wa kichwa chake. Ile sauti ya mlimani, ya kuvuta mwisho wa jina ili upepo usilile.

Mumbua akamtazama. Muema alikuwa tayari amesimama, mkono juu ya komeo. Hakuna mtu Gatwekera aliyemwita hivyo siku hizo. Lakini mkono haukusukuma. Uligoma wenyewe, kama mkono wa fundi unavyokataa kupiga msumari palipo na kidole. Miaka yote ya ukungu ilikuwa ndani ya mkono ule. Akangoja ya pili.

Haikuja.

Ikaja miguu mingi, inakimbia. Mabati yakapigwa kwa vyuma kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho, kama mtu anayepitisha kijiti kwenye mbavu. Miguu ikapita. Kukanyamaza, kimya cha kuumiza masikio.

Moshi ulipopungua Muema akafungua. Hakuna mtu. Jirani yake Wanzala, seremala, naye alikuwa ametoa kichwa.

"Umesikia mtu akiniita?"

"Kukuita?" Wanzala akatikisa kichwa. "Hapana, Baba Ian. Mimi nimesikia miguu tu."

Muema akainama. Mbele ya mlango palikuwa na tope la maji yaliyomwagwa, limekanyagwa na umati. Lakini karibu kabisa na kizingiti, mahali umati haukufika, palikuwa na alama ya kiatu kimoja. Vidole vimeelekea mlango. Kisigino chake kina mkato kama mdomo wa ndege. Mkato ule aliuchonga Muema kwa kisu chake, na aliuchonga kwenye jozi moja tu maishani mwake, ili mtu akiteleza nyuma asiende mbali. Jozi ya Mkia.

Alama ya kuja ilikuwepo. Ya kuondoka hakuiona.

Alikaa nayo siku nyingi hiyo alama, hata baada ya kukauka na kupeperuka. Mara barabara zilipotulia kidogo alimwambia Mumbua anaenda Kawangware. Mumbua hakumzuia. Alimwambia tu, "Usitaje jina lako."

Pale Olympic, penye kutokea Kibera, alikuta mawe yamepangwa barabarani na vijana wamekaa juu yake.

"Wee mzae, simama hapo. Unaitwa nani?"

Fikiria. Mtu ambaye jina lake mlimani lilikuwa kamba ya kuwaokoa watu, hapa limegeuka kitanzi.

"Fundi," akasema.

"Fundi ni kazi. Mama yako alikuita nani?"

"Mama alinigombeza tu, hakuniita."

Mmoja akacheka, wawili hawakucheka. Aliyekuwa na chuma akasogea. "Ati tunachekeshwa. Toa kitambulisho."

Hapo mwingine aliyekuwa amelala juu ya mawe akainuka kwa kiwiko. "Wasee, tulieni. Huyo ni fundi wa pale reli. Hata hizi njumu zangu ni yeye alizishona." Akainua mguu kuwaonyesha. Kisha akamgeukia Muema, bila tabasamu: "Fundi, pita mbio. Ukikaa hapa nitasahau kama nakujua."

Kawangware nako kulikuwa na vidonda vyake. Penye vibanda vya mitumba palibaki majivu na vifungo vya chuma vya viatu, vimetapakaa kama mbegu. Kavetsa alikuwa chumbani mwake, ameketi juu ya kigoda. Mlango aliuacha wazi kidogo. Baadaye Muema alikuja kujua kwamba mlango ule ulikuwa hivyo usiku na mchana, ili anayekuja asihitaji kuita.

"Karibu, shemeji." Akatazama nyuma ya Muema. "Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Yeye umemwacha na Mumbua?"

Muema akaketi kizingitini.

"Aliona moshi," Kavetsa akaendelea, taratibu, kama anayemsaidia mtu kukumbuka. "Nikamwambia, wewe na jina lako hilo, utaenda Kibera saa hizi? Akaniambia, Muema na watu wake bado wako juu. Mimi ndiye Mkia, siwezi kushuka. Akavaa vile viatu vya mlima, akaenda kuwatoa. Kwani hakufika?"

"Alifika," akasema Muema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Aliniita mlangoni."

"Ukamwitikia?"

Nje mtoto alikuwa akipiga mpira wa karatasi ukutani.

"Aliita mara moja, shem. Nilikuwa nangoja ya pili."

Kavetsa hakulia wala hakupiga kelele. Alimtazama tu, akasema, "Mlifundishana vizuri."

Walimtafuta pamoja, hawa wawili. Walikwenda hospitali, wakatembea katikati ya vitanda. Walikwenda kambi ya waliohamishwa kule Jamhuri, wakachungulia hema kwa hema. Walikwenda na kule kwingine, ambako unaingia ukiwa umefunga pua, na Kavetsa aliangalia viatu tu, hakuangalia nyuso. Thuo hakuwa miongoni mwa walio hai, wala miongoni mwa waliokufa. Alikuwa kama mtu aliyeingia kwenye wingu.

Mumbua alikuwa na lake la kusema, na alilisema akisonga ugali, bila kumtazama mumewe.

"Wewe unafikiri hakuweza kuita ya pili. Mimi nafikiri hakutaka. Aliisikia ile miguu nyuma yake. Akajua ukifungua, watatuona sote. Na alijua akiita mara moja, wewe hutafungua."

"Sasa kwa nini aite kabisa?"

Mwiko ukasimama. "Labda ilikuwa kuaga."

Siku nyingine Muema aliliamini hilo, akalala. Siku nyingine aliona ni dawa ya mke kwa mume, akakaa macho hadi asubuhi akiutazama mlango.

Mwisho wa mwezi wa pili wakubwa walipeana mikono, watu wakaanza kutaja majina tena, kwanza kwa kunong'ona. Jeconia akatuma ujumbe: kwaya yake ingetaka kupanda kushukuru. Muema hakutaka. Ni Kavetsa aliyetaka.

"Nitakaa mahali pake," akasema. "Kama amebaki juu, basi mimi ndiye nitakayemwona."

Hivyo ndivyo walivyofika ile asubuhi niliyokuonyesha mwanzo. Muema mbele, wanakwaya katikati, Kavetsa nyuma na leso yake. Mvua za masika zilikuwa zimepiga hodi. Mlima ulikuwa umevaa kofia hadi machoni, na Muema alisema warudi, lakini Jeconia akasema Mungu ameona mabaya zaidi ya mvua.

Walipanda bila kuimba. Vilele vya kwanza walivipita kwa jua la ghafla, la njano, lisilo na joto. Walipofika kwenye ule mgongo mwembamba ukungu ukapanda kutoka bondeni bila sauti, ukawafunika. Muema akafungua kamba aliyobeba begani, akaipitisha hadi kwa Kavetsa, akawaambia kila mtu aishike kwa mkono wa kushoto, asiiachie kwa lolote. Akaita kama ilivyo kazi.

"Kavetsaaa!" Akangoja. "Kavetsaaa!"

"Niko," ikajibu sauti, mbali kuliko alivyotarajia.

Wakasimama. Maji yakidondoka kutoka kwenye kofia. Harufu ya nyasi, na katika nyasi harufu nyingine, hafifu, ya mpira ulioungua.

"Muemaaa!"

Ilitoka nyuma, nyuma ya Kavetsa, upande wa kulia, ule wa bonde tupu. Mwisho wa jina umevutwa ili upepo usilile.

Hakuna aliyesogea. Jeconia, aliyekuwa karibu, akasema kwa sauti ndogo sana kwa mtu wa ukubwa wake, "Fundi. Safari hii si mke wangu."

"Nyamazeni," akasema Muema. "Tungoje."

Wakangoja. Upepo ukapiga filimbi yake, ukaacha. Kutoka mwisho wa kamba ikaja sauti ya Kavetsa, tulivu.

"Shemeji, umesikia?"

"Nimesikia."

"Mwitikie."

"Hajaita tena, shem. Shika kamba."

"Ukimwitikia atakuja. Usipomwitikia, nitamfuata mimi."

Muema akaihisi kamba mkononi mwake. Ilikuwa bado imekazwa, lakini si kama mwanzo. Mtu mmoja huko mwisho alikuwa amelegeza vidole, hajaachia. Alijua ardhi inapoishia upande ule. Aliwahi kumwona kunguru akiruka chini ya viatu vya mtu. Alijua kwamba akiita "Thuo" sasa hivi, Kavetsa atageuka na kuelekea sauti ilikotoka. Alijua pia kwamba akinyamaza, atakuwa amenyamaza mara ya pili, mbele ya mlango ule ule.

Kisha jambo lingine likamjia, na likamtia baridi kuliko mvua. Thuo alimwita Gatwekera, mara moja, mlangoni. Na tangu siku ile hadi leo Muema hakuwa amemaliza kungoja. Mkono wake ulikuwa bado juu ya komeo lile.

Akafungua mdomo. Ukungu ukamwingia hadi kooni.

Wewe uliyekaa nami mpaka hapa, hebu hesabu pamoja naye, upesi, maana kamba inalegea: mwito huo wa mlimani ulikuwa wa kwanza, au ndio wa pili?